Kidato cha Tatu wanafunzi 48, kompyuta 8, simu 4: nianzie wapi kufundisha sauti, picha na video?

Mwl_Nianjema aliuliza:

Assalaam aleikum walimu na mafundi.

Nafundisha kompyuta katika sekondari ya kutwa hapa Bagamoyo. Nina Kidato cha Tatu, wanafunzi 48, na kwa wiki napata vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Nia yangu ni kwamba wiki ya 12 ikifika, kila kundi la wanafunzi wanne liwe na simulizi ya dakika tatu kuhusu mji wetu. Mada watachagua wao: magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, Caravan Serai, soko la samaki, mafundi wa majahazi, milango ya Mji Mkongwe.

Vifaa vilivyopo:

- kompyuta za mezani 11, Core i3 za kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski za kawaida GB 500, Windows 10. Nane zinafanya kazi. Tatu feni inazunguka lakini skrini inabaki nyeusi;
- ruta moja ya waifai, haina bando la uhakika;
- simu 4 za Android, mali ya shule, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu;
- projekta moja, hedifoni 6, maikrofoni hakuna.

Umeme unakatika na kurudi bila taarifa. Chumba kiko upande wa bahari, madirisha ni ya nondo na wavu.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Kompyuta hizi zitahariri video, au nitawapotezea watoto muda? Wiki 12 nizigawe vipi ili wote 48 washike kazi, wasikae kuwatazama wenzao? Na nikiwatoa nje kurekodi watu, ruhusa na sheria zikoje? Miongozo mingi mitandaoni inadhani kila mwanafunzi ana laptopu na intaneti. Nahitaji ushauri wa mazingira haya haya.

Fundi_Magomeni alijibu:

Wa aleikum salaam mwalimu. Naanza na hizo tatu, maana huenda hazijafa. Feni kuzunguka na skrini kuwa nyeusi, kwa mashine zinazokaa karibu na bahari, mara nyingi ni meno ya RAM. Hewa ya chumvi huvuta unyevu, utando mwembamba unajenga kwenye meno, umeme haupiti vizuri.

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke dakika mbili. Irudishe mpaka vishikio vyote viwili vijifunge vyenyewe. Kama vipande ni viwili, jaribu kimoja kimoja katika kila nafasi. Mashine ikigoma kabisa, usiitupe: RAM na diski yake hamishia kwenye zile nzima.

Ukiwa umefungua, angalia betri ndogo ya saa, CR2032. Ikiisha, tarehe inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika. Matokeo yake ni mawili. Kivinjari kinakataa tovuti kikidai si salama, na faili za wanafunzi zinaandikwa tarehe za uongo, usijue ipi ni ya leo. Ikipimwa na kukutwa chini ya volti 2.7, badilisha.

Sasa uwezo. i3 ya kizazi cha tatu yenye RAM GB 4 inahariri sauti bila taabu yoyote. Video ya 720p (mistari 720 ya picha) inawezekana, ya 1080p, yenye mistari mingi zaidi, itakwamakwama. Ukipata fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu: kwanza SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240 kwa kila mashine, pili RAM ifike GB 8. RAM hiyo ni DDR3 ya kompyuta ya mezani. Ya laptopu ni fupi na haiingii, watu wanauziwa kimakosa kila siku. SSD peke yake inabadilisha mashine kiasi kwamba wanafunzi hawangoji tena kufunguka kwa programu.

Kuhusu Windows 10: Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za kizazi hicho. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, toleo lake jepesi la Xfce. Pakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, ni karibu GB 3, iandike kwenye flashi ya GB 8, kisha pitia mashine moja baada ya nyingine. Kama mtihani wa vitendo unadai programu za Windows, weka mifumo yote miwili kwenye diski moja na mwanafunzi achague wakati wa kuwasha. Faida nyingine ya Linux ni flashi. Vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato bandia haviendeshwi humo, na yaliyofichwa unayaona.

Hata hivyo flashi zipunguze. Ruta yako haihitaji bando ili kompyuta zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Chagua mashine moja iwe ya mwalimu, weka folda ya pamoja, kila kundi likabidhi kazi humo. Kwenye mashine hiyo hiyo weka Kolibri, ambayo inahifadhi masomo na video na kuzigawa bila intaneti, na Kiwix, programu ya kusoma tovuti zilizohifadhiwa, yenye Wikipedia ya Kiswahili. Kosa la kawaida: umeme ukikatika, ruta inaigawia mashine ya mwalimu anwani mpya na wanafunzi wanaandika ile ya jana. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, ihifadhie mashine hiyo anwani moja, halafu ibandike ukutani kwa maandishi makubwa, kwa mfano 192.168.0.10:8080.

Umeme. Kompyuta ya mezani na skrini yake inakula kama wati 100, nane ni wati 800. Soketi moja nzuri inabeba, ila ekstensheni ya nyaya nyembamba inapata moto kwenye maungio. Gawa nne nne kwenye soketi mbili za ukutani. Umeme ukikatika, zima swichi za ukutani papo hapo, na ukirudi ngoja dakika tano. Kinachoua pawasaplai ni mshtuko wa kurudi kuliko kukatika kwenyewe.

Na usizifunike kwa nailoni. Unyevu unabaki ndani usiku kucha. Tumia shuka la pamba, zisogeze angalau mita moja kutoka dirishani, na hata wakati wa likizo ziwashwe saa moja kila wiki. Joto lake lenyewe linazikausha.

Sauti_ya_Pwani alijibu:

Shikamoo mwalimu. Fundi amemaliza upande wa mashine, nami nakuomba ubadilishe mpangilio wa somo: anza na sauti, fuata picha mnato, video iwe ya mwisho na iwe kidogo sana. Simulizi ya sauti yenye picha juu yake inafundisha karibu kila kitu ambacho video inafundisha, na vifaa vyako vinaimudu.

Tazama hesabu. Video ya 1080p kwenye simu nyingi inachukua karibu MB 130 kwa dakika. Kundi likirekodi dakika 15 ili lipate tatu nzuri, hiyo ni GB 2, na makundi 12 ni GB 24. Sauti ya WAV (isiyobanwa) ya mono, yaani ya njia moja, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, ni MB 5.3 kwa dakika. Dakika 15 kwa makundi yote 12 hazifiki GB 1. Mfanye kila mwanafunzi apige hesabu hii mwenyewe: sampuli 44,100 mara baiti 2 mara sekunde 60. Hapo anaelewa kwa nini faili zinakuwa kubwa, na hatashangaa simu ikijaa katikati ya kazi.

Kurekodi. Darasa la sakafu ya saruji na bati juu lina mwangwi mbaya. Tafuta stoo ndogo, tundika kanga na mablanketi kuta mbili zinazotazamana, weka godoro la sponji nyuma ya msemaji. Simu ikae kiganja kimoja kutoka mdomoni, sentimita 15 hadi 20, na iwe kidogo pembeni ya mdomo ili herufi p na b zisipige pumzi moja kwa moja. Simu iwe kwenye hali ya ndege, vinginevyo ujumbe ukiingia mtetemo wake unaharibu sentensi nzima. Vilele vya sauti vibaki kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga 0 sauti inakatwa juu, na hakuna programu inayoirudisha ilivyokuwa.

Kila mahali wanaporekodi, wanyamaze na kurekodi sekunde 30 za mahali penyewe: mawimbi, soko, upepo kwenye mikoko. Wanafunzi hudharau hatua hii mpaka wakae kuhariri. Sekunde hizo ndizo zinazoziba pengo unapokata kikohozi, maana ukimya mtupu kati ya maneno mawili unasikika kama shimo.

Upepo ndio adui wa Bagamoyo. Mchana upepo wa baharini unapanda, na ngurumo yake kwenye maikrofoni haiondoki baadaye. Mahojiano ya ufukweni yafanywe asubuhi, msemaji akae nyuma ya ubavu wa jahazi au ukuta, na simu ifunikwe kwa kipande cha taulo kilicholegea. Mkinunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo, kagua plagi. Ya simu ina mikanda mitatu myeusi, ya kamera ina miwili. Ukichomeka ya kamera, simu haiitambui, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe bila kukuambia. Ndiyo maana jaribio la sekunde 10 na kusikiliza kwa hedifoni ni lazima kabla ya kila mahojiano.

Kuhariri sauti. Tumia Audacity, ni ya bure. Kwenye Windows simu nyingi zitakuletea faili za m4a ambazo haitazifungua mpaka uongeze kiongezo cha FFmpeg, kwa hiyo iweke kwenye mashine zote siku moja na wewe ukiwepo. Kupunguza kelele: chagua sekunde mbili zenye kelele tu bila mtu kusema, programu ijifunze kelele hiyo, kisha chagua sauti yote na upunguze desibeli 12. Ukienda 24, mtu anasikika kama yuko ndani ya bomba. Mwisho sawazisha kiwango kwa kipimo cha LUFS, yaani ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, -19 kwa mono, na toa MP3 ya mono ya kilobiti 64. Dakika tatu zitakuwa kama MB 1.4, mzazi anaisikiliza kwa WhatsApp bila kuumia bando.

Skripti. Dakika tatu si nyingi. Msomaji mzuri wa Kiswahili anasoma maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiacha nusu dakika ya sauti za mahali, skripti isizidi maneno 280. Wanafunzi wataleta 600 na kutaka kusoma mbio. Wakataze kuongeza kasi, wakate maneno.

Picha. Kila picha ikikaa sekunde 7, simulizi nzima inahitaji picha kama 25. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo asubuhi jua liko juu ya bahari. Ukimsimamisha mtu mgongo wake baharini saa 2 asubuhi, uso unakuwa kivuli. Mgeuze, au fanya alasiri. Kuta za chokaa za Mji Mkongwe zinaidanganya simu kwamba mwanga ni mwingi, inapunguza, na nyuso zinaingia giza. Gusa uso kwenye skrini, shikilia kidole mpaka mwanga ujifunge. Milango ya nakshi ipigwe ikiwa kivulini, si jua la mbavuni lenye vivuli vikali.

Kwa kila mada wadai picha za umbali tofauti. Kwa fundi anayekalafati jahazi: ufukwe wote na jahazi, fundi mwenyewe kiunoni hadi juu, mikono na pamba inavyoingizwa kwenye mwanya, kichwa cha nyundo, na uso wake akitazama kazi. Bila mikono na vifaa vya kazi, mtazamaji haelewi kinachofanyika.

Video. Wiki ya 10, vipande vitatu tu kwa kila kundi, simu imelazwa, 720p, kila kipande sekunde 10 bila kusogeza simu. Shotcut, programu ya bure ya kuhariri video, inatosha. Washa nakala nyepesi za kuhariria, yaani proxy, mashine itapumua. Tatizo moja lenye kuwachanganya wengi: mdomo na sauti vinaachana kadiri video inavyoendelea. Sababu ni kwamba simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, programu inategemea idadi isiyobadilika. Shotcut ikikuuliza kama igeuze faili liwe rahisi kuharirika, kubali.

Na hili ndilo linalovunja mioyo ya watoto wiki ya mwisho: faili la mradi la Shotcut halina picha wala sauti ndani. Lina anwani za mahali zilipo. Mwanafunzi akinakili faili la mradi peke yake kwenye flashi, amebeba orodha tupu. Kila kundi liwe na folda moja, mfano KUNDI03, ndani yake 01_mbichi, 02_sauti, 03_mradi, 04_tayari. Kinachohamishwa ni folda nzima. Majina ya faili yasiwe na nafasi: K03_kaole_msikiti_2. Folda ya 01 haifutwi kitu mpaka siku ya maonyesho ipite.

Mwl_Kiwangwa alijibu:

Nakubaliana na Sauti_ya_Pwani kwenye mengi, ila ugawaji wa zamu hajaugusa, na hapo ndipo somo linapofia.

Gawa darasa zamu tatu za wanafunzi 16, yaani makundi manne manne. Vituo viwe vitatu: kompyuta, wawili kwa mashine; simu, wanne kwa simu moja; na meza ya karatasi, ambako wanaandika skripti, wanachora mfululizo wa picha na kuhakiki taarifa. Usizungushe zamu zote tatu kwenye vituo vyote katika dakika 80. Kuwasha, kufungua programu na kutafuta faili kunakula dakika sita, mwanafunzi anabaki na kumi na kidogo. Fanya dakika 10 za maelekezo, duru mbili za dakika 30, na dakika 10 za mwisho za kukabidhi faili. Kwa wiki moja kila zamu inapita vituo viwili. Kwa wiki tatu kila zamu imekaa kila kituo mara mbili.

Dakika 10 za mwisho zilinde kwa wivu. Kengele ikilia faili zikiwa bado kwenye simu, zamu inayofuata itazifuta ipate nafasi.

Mgawo wa wiki ningeuweka hivi: wiki mbili za kurekodi na kusikiliza, mbili za kuhariri sauti, moja ya skripti na uhakiki, mbili za kutoka nje, mbili za kupanga picha juu ya sauti, moja ya video, moja ya kurekebisha, na ya 12 maonyesho. Ndani ya kundi kazi zibadilike kila wiki: mwandishi, mrekodi, mpiga picha, mhariri. Bila karatasi ya kubandika ukutani yenye majina, mwenye kujua kompyuta nyumbani atakuwa mhariri wiki zote 12 na wenzake watatu hawatagusa kibodi.

Alama nazo ziseme unachokithamini. Ukimpa 40 mwenye manjonjo ya kuchezesha maandishi, wote watacheza na maandishi. Ningetoa 30 kwa sauti kusikika vizuri, 30 kwa ukweli wa taarifa, 20 kwa mpangilio wa simulizi, 20 kwa daftari la kazi linaloonyesha nani alifanya nini.

Maktaba_Dunda alijibu:

Mwalimu, swali lako la tatu ni zito na limepewa nafasi ndogo, kwa hiyo ruhusu nilijaze.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sauti na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi. Andaa fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: tunarekodi nini, itaonyeshwa wapi, itahifadhiwa muda gani na nani, na kwamba anaweza kubadili nia. Asiyesoma asomewe, na kukubali kwake kurekodiwe mwanzo wa mahojiano. Mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na hiyo inawahusu wanafunzi wako karibu wote, hivyo mzazi au mlezi asaini kabla sura zao hazijaonekana popote. Kwenye simu zote nne zima mpangilio wa kuhifadhi mahali (location) kwenye kamera, la sivyo kila picha inabeba ndani yake alama za ramani za ilipopigwa, hata nyumbani kwa mtu.

Kwenye magofu na majengo ya kale peleka barua ya mkuu wa shule mapema, ombeni kibali cha kurekodi, msidhani kiingilio kinatosha. Soko la samaki nendeni kwanza kwa viongozi wa soko bila kamera. Mkirudi na kamera siku ya pili mtapokewa kama wageni wanaofahamika.

Muziki: wasichukue wimbo wowote uliorekodiwa na mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi na pia mwimbaji na mpigaji. Bagamoyo hatukosi wapigaji. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ipo hapa hapa mjini na inafundisha muziki na maigizo. Ombeni kwa barua kurekodi ngoma fupi ya sekunde 40 kwa kibali chao cha maandishi, au wanafunzi wapige wenyewe.

Sasa uhakiki, ambao kwangu ndio kiini cha elimu hii. Chukua dai moja linalozunguka: "Livingstone alifia Bagamoyo." Waambie waliandike kwa sentensi moja, kisha walikague neno kwa neno kwa vyanzo viwili visivyonakiliana. Watakuta alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake ukabebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, hadi misheni ya Bagamoyo mwezi Februari 1874, kisha ukapelekwa kuzikwa London. Dai lina chembe ya ukweli ndani yake, na madai ya namna hiyo ndiyo magumu kuyatambua.

Zoezi la pili ni jina lenyewe la mji. Wapo wanaosema ni bwaga moyo kwa maana ya mpagazi kutua mzigo na kupumzika, wapo wanaosema ni kukata tamaa kwa mtumwa aliyefika pwani. Usiwataje washindi. Wadai kila kundi liseme: nani anasema hivi, amepata wapi, na simulizi yetu itasema "inasemekana" au "ni hivi"? Kuchagua kati ya maneno hayo mawili ni ujuzi watakaouhitaji kila wanapobonyeza kitufe cha kutuma.

Wakitumia programu za akili mnemba kuandika skripti, kila mwaka na kila jina lililotoka humo lipigiwe mstari mwekundu na litafutiwe chanzo kwenye kitabu, kibao cha mahali au kwa mtu mwenye kujua. Programu hizo huandika tarehe ya uongo kwa ufasaha ule ule wa tarehe ya kweli. Na jambo lisilopata chanzo litolewe kwenye skripti, hata likiwa tamu kiasi gani.

Mwl_Nianjema alijibu:

Ahsanteni sana, nimechapisha yote. Nimeanza na usafi wa RAM: mbili kati ya tatu zimewaka, ya tatu natoa vipuri. Maswali mawili ya mwisho. Kompyuta moja kwa wanafunzi wawili, mmoja hunyang'anya kipanya, nafanyaje? Na hedifoni 6 kwa mashine 10 zitatoshaje wakati wa kuhariri sauti?

Mwl_Kiwangwa alijibu:

Kipanya: kila dakika saba piga makofi mara moja, wanabadilishana viti, siyo kipanya tu. Asiyeshika kipanya ndiye anayesema hatua inayofuata na kuiandika kwenye daftari la kazi. Mwenye kipanya haruhusiwi kufanya kitu ambacho mwenzake hajakitamka. Mwanzo wanalegea, wiki ya tatu wanazoea.

Sauti_ya_Pwani alijibu:

Hedifoni: tafuta vigawanyio vya plagi moja kuwa mbili, ni vya bei ndogo, wawili wasikilize pamoja kwa iafoni za kawaida, nazo kila mtu aje na zake kwa ajili ya usafi wa masikio. Kwenye mashine zile 10, sita zenye hedifoni ziwe za kuhariri sauti, nne zilizobaki zifanye kazi isiyohitaji kusikia: kupanga majina ya faili, kukata picha ziwe na umbo moja la 16 kwa 9, kuandika maelezo ya picha. Wabadilishane makofi ya pili yakipigwa. Ila kiwango cha mwisho cha sauti wasikisikilize kwa hedifoni pekee. Waicheze pia kwenye spika ya simu, juu kabisa, wakiwa wamesimama mita mbili, maana wazazi wengi wataisikia hivyo. Kama maneno yanamezwa na mawimbi hapo, wapunguze sauti ya mahali kwa desibeli 6 na kujaribu tena.